Sukari ya Kisiwa cha Tatu

Mimi bahari nimeiona mara moja tu, nikiwa chuo cha ualimu, walipotupeleka Tanga kwa gari la mizigo. Nilisimama ufukweni, nikala muhogo wa kuchoma, nikalowesha miguu, nikarudi. Kwa ujuzi huo ndipo nikapangiwa kufundisha watoto wa milimani biashara za visiwani na pepo za baharini, tena kwa kitabu kimoja ambacho wavuta tumbaku walikwisha kukinyofoa kurasa za katikati. Mwenye kutaka kucheka acheke. Mimi nilikasirika, na nikikasirika huwa natengeneza kitu.

Nilichotengeneza ni mchezo. Nilishona mifuko mitupu ya saruji ikawa jamvi moja kubwa la karatasi, nikachora visiwa kwa mkaa, nikalitandika sakafuni. Darasa la sita nikaligawa merikebu nne, kila merikebu na nahodha wake na mabaharia wake. Punje za mahindi zikawa sukari, kokoto zikawa chumvi, mbegu za nyonyo zikawa sabuni, na maharage yakabaki maharage. Merikebu yenyewe ilikuwa kipande cha ganda la mgomba, na tanga lake jani. Upepo ulikaa ndani ya kibuyu: mtoto anatia mkono bila kuchungulia, akitoa mbegu nyeupe ni upepo wa kusini, nyekundu wa kaskazini, nyeusi bahari imelala na hakuna aendaye popote. Anayeelekea kule upepo unakotoka haruhusiwi kunyoosha. Sharti aende mshazari, kulia kisha kushoto, kulia kisha kushoto, jambo ambalo watu wa pwani wanaliita kubisha na ambalo nilidhani litanitoa jasho kulieleza. Hawakuniuliza hata swali moja. Mtoto aliyekulia kwenye njia ya kutoka Makanya kupanda kwetu hajawahi kufika popote kwa kunyoosha.

Kazi ya merikebu ilikuwa kuchukua kitu pale kilipojaa na kukipeleka pale kisipokuwepo. Merikebu iliyoishiwa sukari au chumvi ya mabaharia wake ilikwama bandarini mpaka mwenzake aiuzie. Na kila merikebu iliruhusiwa kuwa na ghala la siri katika kisiwa chochote, ndani ya kikopo kilichofunikwa, na ilikuwa mwiko kulitaja mbele ya mtu wa merikebu nyingine. Hilo la ghala la siri watoto walilipenda kuliko yote, na hilo ndilo lililotuletea balaa.

Maana ulikuwa mwaka themanini na tatu, mwaka wa msako. Aliyeuishi hana haja ya kuelezwa. Madukani hakukuwa na sukari, wala sabuni, wala kiberiti, na mtu aliyekutwa navyo kupita kiasi aliitwa mlanguzi, mhujumu uchumi, akapakiwa garini. Mwezi uliotangulia walimchukua Isihaka, mwenye duka pale Makanya, kwa sababu ya madebe ya mafuta ya kula, na mpaka hapo mkewe alikuwa anapeleka chakula Same bila kujua kama kinamfikia. Sisi tulifua kwa majani ya mpapai na majivu. Mashati meupe ya shule yalikuwa yamegeuka rangi ya maji ya mto uliojaa, na kila Jumatatu tukikagua usafi mstarini nilijiona mnafiki.

Sasa mume wangu, Fanueli, aliyekuwa karani katika shamba la mkonge huko chini, alichukua maharage yetu, akayafikisha Taveta, upande wa Kenya, kwa njia anazozijua mwenyewe, akarudi na katoni mbili za miche ya sabuni. Huku kwetu maharage yalikuwapo na sabuni haikuwapo, kule sabuni ilikuwapo na maharage yalitakiwa. Mtu akinieleza kosa liko wapi hapo nitamshukuru. Lakini sheria haikuniuliza mimi. Fanueli alizificha zile katoni ndani ya kihenge cha mahindi cha mama yake, akashuka kazini, akasema atarudi Ijumaa.

Mama mkwe wangu, Ernesta, ndiye aliyekuwa na kihenge, na ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya kila kilichokuwamo. Nilimwambia, "Mama, hiki kitu kitamfunga mwanao. Tukizike shambani." Akanijibu huku anachambua mboga, "Kitu cha mwanangu hakiguswi mpaka arudi." Nikamwambia msako hauchagui. Akasema, "Wewe kafundishe maji yako." Ndivyo alivyouita mchezo wangu, maji yangu. Nikaliacha hapo kwa sababu ya heshima, lakini moyoni nilikuwa nachemka.

Usiku huo huo, kwa Katibu wa tawi, wakala ugali. Katibu huyo ni Ndugu Athumani, mtu wa Makanya aliyepanda kwetu kwa kazi ya chama, na watoto wake pacha, Kurwa na Doto, walikuwa darasani kwangu. Kurwa alikuwa msichana mwenye kichwa kigumu na nahodha bora kuliko wote. Doto, pacha wake wa kiume, alikuwa baharia wa merikebu nyingine, na ulimi wake haukuwa na mlango. Basi Doto akalalamika kwamba merikebu yao imekwama haina sukari. Kurwa, kwa ile raha ya kumtesa ndugu, akasema, "Sukari ipo tele. Tumeificha. Hatuuzi mpaka mtuombe." Baba akaacha kula. Akauliza sukari gani. Kurwa akasema ni ya kwao na ya Mwalimu. Akauliza imefichwa wapi. Kurwa akamtazama Doto, akakumbuka mwiko, akasema hawezi kutaja. Baba akauliza kwa ukali, mtoto akaanza kulia na bado hakutaja. Alisema tu ni kisiwani, ghalani. Haya alinisimulia Mwanaidi, mama yao, baadaye sana, na akacheka mpaka machozi. Usiku ule hakucheka mtu.

Asubuhi yake nilikuwa ubaoni nilipoona darasa zima limesimama. "Shikamoo Ndugu Katibu," wakaimba. Nikageuka. Ndugu Athumani alikuwa mlangoni na mgambo wawili, Raymond na Chande, vijana wa hapo hapo kijijini ambao niliwafundisha kusoma. Hawakutaka kunitazama.

"Mwalimu," alisema Katibu, "nimekuja kuona ghala."

"Ghala gani, Ndugu Katibu?"

"La sukari. Linaloitwa kisiwa. Mwanangu amekataa kunionyesha kwa sababu wewe umemkataza."

Nilipoelewa nilitaka kucheka, na kicheko kilikwishafika kooni, ndipo nikakumbuka kihenge. Nikaketi juu ya meza kama mtu asiye na adabu.

Nikawaambia watoto watandike jamvi. Nikamwonyesha visiwa, merikebu, vikopo. "Kurwa," nikasema, "leo nakuruhusu. Mwonyeshe baba sukari." Kurwa akapiga magoti, akafunua kikopo kilichokuwa kwenye kisiwa cha tatu, akakisogeza kwa baba yake. Kilikuwa kimejaa punje za mahindi.

Katibu alizitazama muda mrefu. Kama angecheka hapo, yote yangeishia hapo. Lakini Raymond ndiye aliyecheka, nyuma yake, na mtu mzima akichekwa na mgambo wake mwenyewe mbele ya watoto huwa hana pa kurudi.

"Kwa hiyo, Mwalimu, unawafundisha watoto wa wakulima kuficha sukari."

"Nafundisha jiografia."

"Kuficha sukari mpaka wenzao waombe. Nchi nzima inapigana na walanguzi, na wewe unawalea darasani." Akazunguka lile jamvi polepole. "Mtu hafundishi asichokijua. Tukitoka hapa tunakwenda nyumbani kwako, mimi na vijana hawa, na tutaangalia kila chombo."

Nilikuwa nahitaji muda, na sikuwa na kingine cha kuununulia isipokuwa ule mchezo. Nikasema uongo wangu wa kwanza siku ile. "Ndugu Katibu, mchezo huu unafundisha kwamba mlanguzi mwisho wake hushindwa. Ndiyo shabaha yake. Keti uone mwenyewe, kisha uniandikie kosa." Haukuwa na shabaha hiyo hata chembe. Kurwa alikuwa analangua tangu wiki iliyopita na alikuwa anawapiga wenzake vibaya sana.

Akasita. Nadhani ni kweli alitaka haki itendeke, hilo simnyimi. Akavua kofia, akachuchumaa. "Haya, nionyesheni."

"Hatuwezi kucheza bila upepo," nikasema. Na kweli kibuyu kilikuwa nyumbani, kwa kuwa panya wa darasani walikwisha kukianza. "Doto, nenda mbio kwa bibi Ernesta, kalete kibuyu cha upepo." Sikuongeza neno, Katibu alikuwa ananisikiliza. Lakini nilimchagua Doto kwa makusudi. Nilijua yule mtoto hawezi kufika mahali akakaa na habari tumboni.

Akarudi anahema, kibuyu kifuani.

"Bibi hakusema kitu?" nikauliza kana kwamba si neno.

"Amesema haya."

"Haya tu?"

"Haya tu, Mwalimu."

Nilimjua mama mkwe wangu. Haya yake ilikuwa ile ile, ukimwambia mvua inakuja au ukimwambia nyumba inaungua. Nikamwona kabisa akilini mwangu, amekaa mlangoni anachambua mboga zake, kihenge nyuma yake, kitu cha mwanangu hakiguswi. Nikamwona Fanueli garini. Nikatia mkono kibuyuni, nikatoa mbegu nyeupe, nikasema, "Upepo wa kusini," na sauti yangu ikatoka ya mtu mwingine.

Katibu akachukua unahodha wa merikebu ya Kurwa, Kurwa akawa karani wake. Mwanzoni alicheza kama mtu anayekagua choo. Anasukuma ganda la mgomba kwa ncha ya kidole, anauliza kila mara, "Na hii inafundisha nini?" Kisha upepo ukageuka ukawa wa kaskazini, naye alikuwa anataka kwenda kisiwa cha kaskazini kuchukua chumvi. Akasukuma moja kwa moja. Darasa likapiga kelele. "Baba, lazima ubishe," Kurwa akasema, akamwonyesha kulia na kushoto. Akajaribu. Akakosea akagonga mwamba, akapoteza zamu. Nikaona amekunja mikono ya shati.

Kuanzia hapo hakuuliza tena inafundisha nini. Alipiga bisho mbili safi, akafika, akabadilisha maharage kwa chumvi yote ya kisiwa kile, kokoto zote. Akanong'ona na Kurwa. Wakaipeleka ghalani. Mimi nilikuwa natoa upepo na kusikiliza nje. Kila sauti ya mtu njiani nilidhani ni mama anakuja kusema jambo la kutumaliza. Mgongo wa gauni langu ulikuwa umelowa.

Ndipo ikalia pembe.

Kwetu pembe ikilia huulizi maswali. Mzee Rubeni ndiye mpigaji, anasimama juu ya jiwe lake na kuipuliza, na maana yake ni msaragambo: kila nyumba itoe mtu, aje na chombo, kazi ya wote ifanyike. Asiyekwenda anatozwa jembe au jogoo, na fedheha yake inakaa mpaka msimu mwingine. Tulisikiliza. Ilikuwa ya ndiva, lile bwawa letu la udongo tunalokusanyia maji ya kunyweshea mashamba. Ndiva ilikuwa inavuja kwa muda mrefu, na kila mtu alikuwa anasema tutaiziba, tutaiziba.

Raymond akakohoa. "Ndugu Katibu, pembe."

"Nimeisikia. Tuko kazini."

"Ndiyo, Ndugu Katibu. Lakini nyumbani kwetu mwanamume wa kushika jembe ni mimi peke yangu."

"Na mimi vilevile," akasema Chande. "Baba anaumwa mguu."

Katibu aliinua uso, akakasirika, akatafuta la kusema. Lakini Jumapili iliyopita alikuwa amesimama mkutanoni akatuhubiria kujitegemea mpaka jua likatuunguza, na vijana walikuwepo. Akawapungia mkono. Wakaondoka mbio kama ndama waliofunguliwa. Dirishani nikaona wanawake wanapita na makarai, matenga na majembe, wote wanaelekea juu, na njia ya kwenda ndivani inapita nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu.

Nikajua mama naye amekwenda. Hawezi kukosa msaragambo, hajawahi tangu alipoolewa. Kwa hiyo amefunga mboga zake, amechukua jembe, amekwenda kukanyaga matope, na nyumba ameiacha wazi na sabuni ndani. Niliwaka hasira ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yananipata moto. Nilisema moyoni maneno ambayo mkwe hasemi.

"Upepo, Mwalimu," Katibu akanihimiza.

Nikatoa mbegu. Nyeusi. Bahari imelala. Merikebu tatu zikawa zimekwama, mbili hazina sukari, moja haina chumvi, na sukari yote na chumvi yote ilikuwa kisiwa cha tatu, kwa Ndugu Athumani. Manahodha wakaja mmoja mmoja kuomba kuuziwa. Wa kwanza akatoa maharage. Katibu akatikisa kichwa. Wa pili akatoa sabuni. Katibu akaangalia kikopo chake, akaangalia sabuni, akatikisa kichwa.

Akaja Doto. Alipiga magoti mbele ya baba yake kama inavyopasa, mikono miwili mbele. "Baba, tuuzie sukari kidogo tu. Mabaharia wetu wana siku nyingi hawajaonja."

"Ngojeni kwanza," Katibu akasema, jicho kwenye kikopo. "Bado kidogo. Mkizidi kuishiwa mtatoa zaidi."

Hakuna mtoto aliyecheka. Doto alibaki na mikono yake mbele. Na Kurwa, kwa fahari kabisa, akawaambia wenzake, "Mmeona? Hata baba anasema hivyo hivyo."

Nilimwona Katibu anayasikia maneno yake mwenyewe. Ilimchukua muda, kama maji ya moto yanavyochukua muda kupenya soli ya kiatu. Akakitua kikopo. Akasimama, akapangusa magoti, akaivaa kofia, na nilipouona uso wake nikajua sijapona, nimejiharibia. Mtu aliyeaibika ni mbaya kuliko mtu mwenye shaka.

"Twende kwako," alisema. "Sasa hivi."

Tulikwenda, mimi mbele, yeye nyuma. Nyumbani hapakuwa na mtu, kama nilivyojua. Mboga zilikuwa kwenye ungo, nusu zimechambuliwa. Akaanza chumbani kwangu, akainua godoro, akafungua sanduku. Akaenda jikoni, akachungulia vyungu. Mimi nilisimama uani nikajifundisha maneno ya kusema: ni yangu, Fanueli hajui. Niliyarudia mpaka yakawa mepesi. Kama ni kupakiwa garini, nipakiwe mimi.

Kisha akauona mlango wa kwa mama, akaingia, nikamfuata. Akasimama mbele ya kihenge. Akavuta pumzi kwa pua, akavuta tena.

"Hapa pananukia."

Palinukia kweli. Ile sabuni ya Kenya harufu yake haifichiki, ilikuwa imejaa chumba kizima.

"Ni mahindi," nikasema.

"Mahindi hayanukii hivi, Mwalimu."

Akavua shati, akaingiza mkono wote kihengeni mpaka bega, shavu likagusa ufito. Nilimsikia anapekua, punje zinamwagika na kutiririka. Akainama zaidi. Akatoa mkono, akaingiza upande wa pili. Nilifumbua mdomo nianze, ni yangu, Fanueli hajui. Akautoa mkono. Ulikuwa na vumbi la mahindi na hauna kitu kingine.

Tukatazamana. Sijui ni nani kati yetu aliyeshangaa zaidi.

"Nitamtuma Chande Same leo hii," akasema, akivaa shati. "Kesho atakuja askari, mtu wa wilayani. Atauangalia huo mchezo na atakuangalia wewe." Akatoka.

Nilikaa kwenye ngazi ya mlango mpaka wanawake walipoanza kurudi kutoka ndivani, matope mpaka magotini. Walipita mmoja mmoja na makarai vichwani, na ndani ya kila karai majani mabichi yamefunikwa juu juu. "Pole na kazi, Mwalimu," wakasema, bila kunitazama usoni. Akapita mkewe Mzee Rubeni. Akapita mama yake Raymond. Akapita Mwanaidi, mke wa Katibu, karai lake limefunikwa vizuri kuliko yote. Wa mwisho alikuwa mama mkwe wangu, amechoka, na karai lake tupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaketi kando yangu, akauvuta ungo wa mboga, akaendelea pale alipoachia. "Ndiva imezibika," akasema.

"Mama, vitu vya mwanao?"

"Viko kijijini. Kila aliyepita hapa nyuma kwenda msaragambo alipita na kipande." Akachagua jani bovu akalitupa. "Nilikuwa nakwambia hakiguswi, nikidhani una woga tu. Yule mtoto aliponieleza nikaona ulisema kweli, nikamwendea Rubeni apige pembe."

Nililia pale pale juu ya mboga zake, na yeye akasogeza ungo kidogo nisizilowanishe.

Sasa lililofuata ndilo sijalisamehe. Mama aliwaonya wote: kificheni, msikiguse mpaka msako upite. Wote waliitikia. Na wote, nyumba kwa nyumba, walikwenda kufua jioni ile ile. Watu waliokaa karibu mwaka mzima na majani ya mpapai, ukiwapa kipande cha sabuni halisi uwaambie wakitazame tu, unawaonea. Lakini mimi sikujua. Nilijua asubuhi, nilipotoka ofisini kwenda mstarini.

Shule nzima ilikuwa imesimama kwenye jua na mashati yao yalikuwa meupe. Meupe kabisa, kuanzia darasa la kwanza mpaka la saba, mpaka macho yanauma. Na upepo ulipotoka kwao kuja kwetu ulileta harufu ya kile kihenge. Kijiji kizima, nikasema moyoni, kimekosa mtu mmoja wa kungoja hata siku moja.

Askari alikuwa tayari amefika. Alikuwa mwanamume mnene ambaye mlima ulikuwa umemtesa, anajifuta shingo kwa leso, Katibu kando yake. Walitembea katika mistari pamoja. Askari alitembea polepole, na nusu ya njia akasimama.

"Nimepita shule nyingi wilaya hii," alisema, "sijaona watoto wasafi namna hii. Hata kule Same kwenyewe." Akamgeukia Katibu. "Ndugu Katibu, huku sabuni mnaipata wapi?"

Hakuna mtoto aliyetikisika. Katibu alikuwa anatazama mstari wa darasa la sita. Kurwa na Doto walikuwa wamesimama bega kwa bega, kola zao zimenyooka, weupe wao haukuzidiwa na wa mtu yeyote. Nikaona anamfikiria Mwanaidi, na karai, na shati alilolivaa yeye mwenyewe asubuhi ile bila kuuliza kitu. Nilitazama mikono yangu. Alikuwa anaweza kunitaja mimi, na Fanueli, na mama, na Mzee Rubeni na pembe yake, na akiwa na roho ya kutosha amtaje na mkewe.

"Majani ya mpapai," Katibu akasema.

"Majani ya mpapai?"

"Na majivu. Wanawake wa huku wanajua kuyatumia." Akakohoa. "Na lile jambo nililokuitia, afande, nimelichunguza mwenyewe. Ni mchezo wa jiografia. Nimekusumbua bure."

Askari alivuta pumzi kwa pua, kama Katibu alivyovuta jana yake. Akayatazama mashati, akaitazama njia ndefu aliyopandia, akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Alipokwisha kushuka, Katibu alinifuata mlangoni mwa darasa. Alisimama pembeni kidogo, kofia mkononi.

"Mwalimu. Ile sukari yangu ya kisiwa cha tatu."

"Ipo palepale, Ndugu Katibu. Hatujaigusa."

"Wauzie." Akaigeuza kofia. "Na chumvi. Wauzie kwa wanachoweza."

Akaenda zake. Nikaingia, nikafunua kikopo mbele ya darasa zima, nikaanza kuwapimia, na Doto alikuwa wa kwanza kufika. Kurwa akasimama, machozi ya hasira yanamlengalenga.

"Mwalimu, lakini sisi tulikuwa tunashinda."

"Keti," nikamwambia. "Nahodha wako ameagiza."